Jackie Chan Alivyotushinda Butembo

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, kabla mimi na wenzangu hatujazaliwa. Hata hivyo, Butembo, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, katika miaka ya 1990 ulimtaja kama jirani aliyehamia mtaa wa pili. Uso wake ulichorwa kwenye mbao za sale za video, yaani kumbi za kuonyeshea filamu, na vijana waliofanya mazoezi ya karate kwenye baridi ya asubuhi walitoa ukelele wake. Alipendwa kwa kuwa hashindwi. Ndiyo maana Jackie Chan alipoanza kuonyeshwa sana, yaya wangu, kaka yetu mkubwa nyumbani, alikasirika. Shujaa gani huyu anayekimbia adui, anayepiga ngumi kisha anaupuliza mkono kwa maumivu?

Mimi nilikwenda sale nyuma ya yaya, maana mama hakukubali binti aende peke yake. Umeme wa kutegemewa haukuwepo mjini. Jenereta ilinguruma ukutani na maneno ya filamu yakapotelea humo. Kaseti zilitoka Kampala kupitia mpaka wa Kasindi, au zilikuja katika mizigo ya wafanyabiashara wetu waliokwisha kuzoea njia ya Dubai na Hong Kong. Nyingine zilikuwa za Kifaransa: Drunken Master ya 1978 tuliijua kwa jina la Le Maître chinois. Kwa Jackie, kutosikia maneno hakukutupunguzia kitu. Alipigana kwa benchi, kwa ngazi, kwa chochote kilichokuwa karibu, na mwili wake ulisema yote. Bibi yangu, aliyejua Kinande tu, angecheka palepale tulipocheka sisi.

Kilichomaliza ubishi wa nyumbani kilikuwa kipande cha mwisho. Mwenye sale alizoea kuzima video majina yanapoanza kupita, ili mafuta yasiteketee na watu wengine waingie. Kwa filamu za Jackie watazamaji walikataa kutoka, kwa sababu majina yakipita ndipo alipoweka picha za kujaribu na kukosea. Katika Rumble in the Bronx, ya 1995, tulimwona, kifundo cha mguu kimevunjika, akivalishwa soksi iliyochorwa mfano wa kiatu juu ya bandeji ngumu, aendelee na kazi. Katika Armour of God tuliona tawi likikatika, mtu akianguka, kisha wenzake wakimbeba mbiombio. Hiyo ilikuwa Yugoslavia, 1986, na fuvu lake lilipasuka. Madaktari walimfungua kichwa kuokoa maisha yake. Yaya alikaa kimya mpaka kioo kikawa cheusi. Njiani akasema, "Kumbe huyu anaanguka kweli." Tangu jioni hiyo sikumsikia tena akimdharau.

Baadaye, nilipokwisha kuwa mwalimu, nilisoma habari za maisha yake na kuelewa yaya alikuwa ameona nini. Alizaliwa Hong Kong tarehe 7 Aprili 1954. Wazazi wake walifanya kazi nyumbani kwa balozi mdogo wa Ufaransa. Akiwa bado mtoto alikabidhiwa kwa mwalimu Yu Jim-yuen, katika shule ya opera ya Peking, akakaa humo takriban miaka 10 akifunzwa sarakasi, kuimba na kupigana, kwa fimbo na njaa. Sammo Hung na Yuen Biao walikulia hapo pamoja naye. Opera ilipokosa watazamaji, vijana hao wakageukia kazi ya kuanguka kwa niaba ya waigizaji wakubwa. Na hili ndilo lililonigusa kuliko yote: katika Fist of Fury ya 1972, yule anayerushwa na Bruce Lee hadi nje ya nyumba, karibu na mwisho, ni Jackie Chan akianguka kwa niaba ya mwigizaji mwingine. Miaka yote yaya alipokuwa akimshangilia mmoja na kumkataa mwingine, wote wawili walikuwa mbele yake kwenye kioo kimoja.

Bruce Lee alipofariki, watayarishaji walitaka Jackie awe Bruce wa pili. New Fist of Fury ya 1976 haikufanikiwa. Alipata njia yake mwaka 1978 alipoacha kuiga, akawa mtu anayeogopa, anayechekesha, anayeumia.

Naamini hiyo ndiyo sababu tulimhitaji katika vita vya Kongo vya 1998 hadi 2003. Bunduki zilikuwa barabarani, na wenye bunduki waliketi nasi kwenye mabenchi yaleyale. Filamu nyingi walizozipenda zilionyesha watu wakifa kwa makumi bila mtu kulia. Kwa Jackie pigo lilikuwa na uchungu wake, hata kwa mpigaji. Mtoto wa Butembo alistahili kuonyeshwa hivyo, na ninasema hivyo kwa moyo wote.

Kisha kaseti zikaondoka. Zikaja VCD na DVD, diski moja ikibeba filamu chungu nzima, pamoja na mashine za bei nafuu ambazo wafanyabiashara wetu walizifuata Guangzhou. Uchina ya filamu ikawa Uchina ya mizigo: vitenge, vipuri, pikipiki za Senke. Huko Beni, ambako yaya alihamia, mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yalifanya watu waogope kutembea usiku. Ebola ikafuata mwaka 2018. Familia zilitazama nyumbani, milango imefungwa, filamu zikiwa zimepakiwa kwenye flashi sokoni.

Leo mtoto wa yaya anamjua Jackie kama mzee wa The Karate Kid ya 2010, yule anayemfundisha mvulana kuvua na kuvaa koti. Vingine anavipata kwa simu, vipande vya sekunde chache: Jackie akiteleza kwenye nguzo yenye taa katika Police Story ya 1985, basi, kinakuja kipande kingine. Aliniuliza kama ni kompyuta iliyofanya vile. Baba yake alimjibu kabla yangu: alimwambia atafute filamu nzima, na majina yakianza kupita asizime.