Kabla au Baada ya Uamuzi

Nyambizi ya Marekani inapofikia zamu ya matengenezo makubwa, anayeingia tumboni mwake na nyaya na koleo mara nyingi si mwanajeshi. Ni raia: fundi umeme, mchomeleaji au mpaka rangi, ameajiriwa na serikali na hana gwanda wala cheo. Jeshi la majini la nchi hiyo limebaki na karakana nne za umma za kazi hiyo: Norfolk, Portsmouth, Puget Sound na Pearl Harbor. (Karakana ya Norfolk iko katika mji wa Portsmouth, jimbo la Virginia, na karakana ya Portsmouth iko Kittery, jimbo la Maine. Mgeni akipotea asijilaumu.) Zamani zilikuwa nyingi zaidi. Philadelphia, Charleston, Mare Island na Long Beach zote zilifungwa miaka ya 1990, Vita Baridi vilipokwisha.

Katika karakana moja, ambayo hapa haina haja ya kutajwa, mzee mmoja mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, alianza kazi ya umeme mwaka 1982. Alikuwa amekwenda Marekani kusoma, akaoa, akapata uraia. Siku ya kuajiriwa aliwekewa mezani karatasi ya kiapo. Pamoja na kuilinda Katiba, aliahidi kwa sahihi yake kwamba hatagoma dhidi ya serikali. Hakuna aliyeichukulia ahadi hiyo kuwa mapambo. Mwaka uliotangulia, Rais Ronald Reagan alikuwa amewafukuza kazi waongoza ndege zaidi ya 11,000 kwa kugoma, na mafundi wa karakana walikuwa bado wanazungumza habari hiyo kwa sauti ya chini wakati wa chai.

Miaka michache baadaye wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wa chama katika sehemu yake. Alipokwenda likizo Tanga, mpwa wake aliyekuwa kibarua bandarini alimbana kwa maswali.

“Sasa mjomba, kugoma hamruhusiwi, na mshahara unapangwa na sheria. Hao mabosi mnakaa nao kujadili nini?”

“Yote yaliyobaki, mwanangu,” alimjibu. “Zamu, viatu, hewa ya kuvuta, mahali pa kuegesha gari. Ukitoa mshahara, ndiyo kazi yenyewe hiyo.”

Mpwa hakuridhika. Tanga aliyokulia mjomba wake ilikuwa na mabaraza ya wafanyakazi. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 uliagiza yaundwe katika mashirika ya umma, na mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU uliwapa wafanyakazi kauli ya kumsema meneja mwenye kiburi. Mabaraza yalikuwa ya kushauri tu, lakini katika miaka iliyofuata viko viwanda Dar es Salaam ambako wafanyakazi waliwafungia mameneja nje. Kwa kijana wa mji wenye historia hiyo, kujadili viatu kulionekana jambo dogo.

Si dogo. Wazee waliompokea mjomba karakanani walikuwa na hadithi zao, wakazisimulia kama watu wanaosimulia ukoo. Ya zamani kuliko zote ilihusu Washington Navy Yard. Mwishoni mwa Julai 1835 mafundi wa hapo waliweka zana chini, na wanahistoria wanauhesabu huo kuwa mgomo wa kwanza wa watumishi raia wa serikali kuu. Walitaka siku ya kazi ya saa kumi. Pia walikuwa wamekasirishwa na kanuni mpya za saa ya chakula cha mchana, zilizoletwa na Komodoo Isaac Hull, shujaa wa vita vya 1812, kwa hofu ya wizi. Mgomo ulishindwa. Kulizuka ghasia za kibaguzi dhidi ya watu weusi wa mji ule, baadhi ya mafundi wakawamo, na huruma ya umma ikawatoka. Wasimuliaji wengi hukiruka kipande hicho. Mzee wa Tanga, mtu mweusi katika chama cha mafundi, hakukiruka hata mara moja. Saa kumi zilikuja hata hivyo: Rais Martin Van Buren alizitangaza kwa kazi zote za umma za serikali kuu mwaka 1840.

Hadithi aliyoipenda zaidi ni ya Watertown, karibu na Boston, ambako jeshi la nchi kavu lilikuwa na kiwanda cha mizinga. Mkuu wa silaha, Jenerali William Crozier, alivutiwa na Frederick Taylor, mtu aliyeamini kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora na kwamba njia hiyo hupatikana kwa kupima. Agosti 1911 mpimaji aliingia kwenye karakana ya kusubu chuma na saa ya kuhesabia sekunde, akasimama nyuma ya fundi mmoja. Mafundi wale walikuwa na ujuzi wa miaka mingi wa kupanga mchanga, kutengeneza kalibu na kumimina chuma cha moto, na hakuna aliyekuwa amewauliza chochote. Waliandika malalamiko kwa kamanda. Fundi mmoja alipokataa kupimwa, wenzake wote wakatoka naye. Walirudi ndani ya wiki moja baada ya kuahidiwa uchunguzi, na uchunguzi ukafika hadi kwenye kamati ya Baraza la Wawakilishi, ambako Taylor mwenyewe aliitwa kujieleza. Mwaka 1915 Kongresi iliweka kifungu katika sheria ya matumizi ya jeshi: fedha hizo zisimlipe yeyote wa kumpima mfanyakazi kwa saa hiyo, wala zisilipe bonasi itokanayo na kupimwa. Vifungu vya namna hiyo viliendelea kuwekwa hadi 1949. Sekunde chache za kutoulizwa ziliigharimu menejimenti zaidi ya miaka thelathini.

Haki ya kuulizwa, kwa maandishi, ilikawia. Sheria ya Wagner ya 1935 iliyowapa wafanyakazi wa kampuni binafsi haki ya kujadiliana na mwajiri iliiacha serikali nje. Ni John Kennedy, Januari 1962, aliyetia saini amri namba 10988. Amri hiyo ilivigawa vyama katika ngazi tatu: chama kidogo kilipewa nafasi ya kutoa maoni, cha kati haki ya kushauriwa, na chenye wafanyakazi wengi nyuma yake haki ya kujadiliana. Richard Nixon aliibadilisha kwa amri mpya mwaka 1969. Halafu ikaja Sheria ya Mageuzi ya Utumishi wa Umma ya 1978, na kilichokuwa hisani ya rais kikawa sheria ya Kongresi.

Mwaka huohuo mlango mwingine ulifungwa. Chama kikubwa cha watumishi wa serikali kuu, AFGE, kilikuwa kimefungua njia mwaka 1976 ya kuwaandikisha hata wanajeshi. Wanachama wenyewe waliikataa fikra hiyo kwa kura, na Kongresi ikapitisha sheria ya kupiga marufuku vyama vya wanajeshi. Tangu hapo mpaka ukawa wazi: mwenye gwanda hutii, asiye na gwanda huketi mezani. Tanzania nayo ina mpaka unaofanana na huo, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawaweka kando askari wa JWTZ.

Ila kuketi mezani miaka ya 1980 kulikuwa na utaratibu wake. Sheria ya 1978 iliacha mengi mikononi mwa menejimenti: bajeti, idadi ya watu, usalama wa ndani, nani apewe kazi gani. Chama kingeweza kujadili taratibu za kutekeleza uamuzi na namna ya kuwapunguzia makali walioumizwa nao. Uamuzi wenyewe ulishapita. Ilani ilikuja kwa maandishi kwamba eneo fulani la maegesho litajengwa ghala, na chama kikaomba majadiliano. Mzee aliwahi kukaa mikutano mirefu juu ya maegesho tu: nani atembee umbali gani alfajiri ya baridi, wa zamu ya usiku wapewe nafasi karibu na geti au la. Wakikwama, palikuwa na jopo la serikali la kuamua mikwamo. Anasema alijifunza huko kwamba mtu anayejadili mambo yaliyokwisha kuamuliwa huwa mbishi, maana ubishi ndio aliobakiziwa.

Jambo moja lilikwenda kinyume, na ni la ajabu kwa kuwa lilihusu mshahara. Mafundi wa mikono wa serikali hulipwa kwa kufuata viwango vya kampuni za eneo lao, na sheria ya 1972 iliwapa wafanyakazi nafasi katika kuvitafuta. Kamati ya kila eneo ina mjumbe wa chama na mjumbe wa menejimenti chini ya mwenyekiti. Wanaokwenda kukusanya takwimu huenda wawili wawili, mmoja wa kila upande. Mzee alipangwa safari moja na msimamizi ambaye hawakuwa wakisalimiana vizuri. Walizunguka na gari moja, wakaingia kwenye viwanda vya watu na fomu zao, wakauliza: fundi wenu anafanya nini hasa, na mnamlipa kiasi gani kwa saa? Ilibidi wakubaliane kwanza kama kazi ile inalingana na ya karakanani, ndipo waandike namba. Hawakuwa marafiki baada ya hapo, lakini hakuna aliyemtuhumu mwenzake kwa kupika takwimu. Walikuwa wameziona pamoja.

Oktoba 1993 Bill Clinton alitia saini amri namba 12871. Iliagiza kila idara iunde mabaraza ya ubia kati ya chama na menejimenti. Iliagiza pia menejimenti ijadiliane kuhusu mambo ambayo sheria ilikuwa imeyaacha kwa hiari yake, yakiwamo teknolojia, mbinu na zana za kazi. Kwa watu waliokua na hadithi ya Watertown, mstari huo haukuhitaji maelezo.

Mfano anaoutaja mzee ni chumba cha zana. Fundi aliyehitaji kifaa maalum alitembea hadi jengo la mbali, akatoa kisahani chake cha shaba chenye namba yake, akapewa kifaa, na kisahani kikatundikwa kwenye msumari mpaka arudishe. Asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Menejimenti ilikuwa na mpango wa kukisogeza chumba kile, na safari hii ramani ililetwa mezani kabla haijapitishwa. Mfungua-chumba, ambaye katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuitwa kwenye mkutano, aliiangalia akasema kwamba tatizo si umbali. Vifaa vinavyotakiwa kila siku havizidi rafu mbili. Viwekwe kwenye kontena kando ya chelezo, na vingine vibaki vilipo. Ndivyo ilivyofanywa. Hakuna aliyehama na hakuna ghala lililobomolewa.

Si kila kikao kilizaa kontena. Vingine vilikuwa vya chai na biskuti, na wako viongozi wa chama walioonekana kuzoea mno viti vya ofisini. Mzee analikubali hilo bila kusukumwa.

Februari 2001, George W. Bush hakuwa na mwezi mzima Ikulu alipoifuta amri ile ya Clinton. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 hoja ya wepesi wa jeshi ikapata nguvu, na Novemba 2003 Kongresi iliruhusu Wizara ya Ulinzi ijitungie mfumo wake wa ajira, ulioitwa NSPS. Sheria iliitaka wizara ishauriane na vyama kabla ya kanuni kukamilika. Vyama 36 viliungana, vikahudhuria, vikatoka vikisema vimesikilizwa bila kusikiwa. Februari 2006 Jaji Emmet Sullivan alitoa hukumu yenye pande mbili: wizara ilitimiza wajibu wa kushauriana, lakini kanuni zenyewe zilivunja haki ya majadiliano. Mahakama ya rufaa iliipindua mwaka 2007. Kongresi ikaingilia kati mapema 2008 na kuirudisha haki hiyo, na Oktoba 2009 mfumo mzima ukafutwa kwa sheria. Walioingizwa kwanza katika mfumo huo, 2006, walikuwa watumishi wasiowakilishwa na chama, wakiwamo wasimamizi, na mzee hafichi kwamba mafundi waliwacheka kidogo mabosi waliokuja kunong’ona habari za alama zao mpya.

Desemba 2009 Barack Obama aliyarudisha mabaraza kwa amri namba 13522, safari hii ikisema wazi kwamba vyama vihusishwe kabla ya uamuzi pale inapowezekana. Mfumo mpya wa kupima utendaji wa watumishi wa wizara ulibuniwa na vyama vikiwa chumbani, ukaanza kutumika 2016. Mzee alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla. Septemba 2017 Donald Trump aliifuta amri ya Obama. Machi 27, 2025 akaenda mbali zaidi: kwa amri namba 14251, akitumia kifungu cha usalama wa taifa kilichomo katika sheria ileile ya 1978, aliiondoa Wizara ya Ulinzi na idara nyingine nyingi kwenye majadiliano ya vyama, akimwachia Waziri wa Ulinzi mwanya wa kubakiza baadhi ya vitengo. Kesi zikafunguliwa. Idara kadhaa zikaacha kukata ada za chama kwenye mishahara, na vyama vikaanza kuwafuata wanachama mmoja mmoja kwa akaunti zao za benki.

Mwakilishi kijana aliyerithi nafasi yake bado humpigia simu. Mara ya mwisho alitaka kujua kama kumbukumbu za vikao vya miaka ya 1990 zipo mahali, kwa sababu msimamizi mmoja, bila barua wala ajenda, alikuwa amemuuliza pembeni wale wa zamani walipangaje vifaa vya kando ya chelezo. Mzee alimwelekeza kwenye kabati la chuma la ofisi ya chama, droo ya chini, faili la rangi ya kijani. Akamwambia pia amtafute binti wa yule mfungua-chumba. Siku hizi naye ni mchomeleaji humohumo.