Kusoma na Kufuta

P0303. Herufi moja na tarakimu nne, basi. P ni injini na giaboksi. Sifuri inayofuata inamaanisha kwamba lalamiko hili ni la lugha ya pamoja, ile inayozungumzwa na magari ya kampuni zote. Ingekuwa moja, tungekuwa kwenye lugha ya nyumbani kwa mtengenezaji. Tatu inaelekeza kwenye uchomaji wa mafuta: plagi, koili na ndugu zao. Tarakimu mbili za mwisho zinataja silinda. Ukiunganisha yote unapata sentensi moja: silinda ya tatu inamisi. Kwa nini inamisi, msimbo hausemi.

Mafundi wa kwetu huita “kodi”. Mara ya kwanza nilipomwambia mama kwamba gari la baba mdogo limetoa kodi, alishika kiuno. “Kodi gani tena? Si alilipa?” Tangu siku hiyo nikiwa nyumbani nasema msimbo.

Nyumbani ni Mbugani, Kyela. Ardhi yetu ni tambarare, maji ya mvua za Machi hadi Mei hayana haraka ya kuondoka, na karibu kila mtu ana mpunga mahali fulani. Nilihitimu shahada ya ualimu wa fizikia nikarudi kusubiri ajira, kama wengi wa rika langu. Katika kusubiri huko nilinunua Kariakoo, kwa mkono wa rafiki, kifaa cha ukubwa wa kiberiti kwa shilingi 25,000. Unakichomeka kwenye tundu lenye nafasi 16 za pini chini ya usukani, unakiunganisha na simu kwa Bluetooth, unafungua programu, na gari linaanza kujieleza: joto la maji, mizunguko ya injini, kiasi cha hewa inayoingia, na misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa.

Chipu ya asili ya kifaa hicho, ELM327, ilibuniwa na kampuni ndogo ya Kanada. Vingi vinavyouzwa kwetu ni nakala za nakala, na vingine hufa kabla ya mwezi kuisha. Tena magari mengi tunayoendesha yalitengenezwa kwa soko la Japani, na yale ya miaka ya mwanzo ya 2000 mara nyingi hukataa kuongea na kifaa cha kawaida mpaka uiambie programu kwamba linalohojiwa ni gari la Japani. Jioni mbili nzima gari la baba mdogo lilininyamazia. Ya tatu likajibu.

Taa ya injini, ile ya rangi ya machungwa kwenye dashibodi, haikubuniwa kwa ajili ya dereva. Ilitokana na moshi. California, ambako Los Angeles ilikuwa ikisongwa na hewa chafu ya magari, ililazimisha magari mapya kuanzia ya mwaka 1988 yajichunguze yenyewe na kuwasha taa yanapoanza kuchafua. Kufikia magari ya mwaka 1996, Marekani nzima ilidai tundu moja na misimbo ya aina moja kwa kila gari jipya. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Kwa hiyo kitu kilichobuniwa kulinda mapafu ya watu wa California kimefika Kyela kikiwa na kazi nyingine: kulinda mfuko wa mtu asitozwe pesa ya kipuri ambacho hakijaharibika.

Kabla yake ilikuwaje? Mtu mwenye gari linalowaka taa alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 100, gari likapigwe kompyuta. Ya pili, Fundi.

Fundi ana gereji ya mabati matatu na mwembe. Nilipompelekea simu yangu kwa mara ya kwanza nilitarajia ashangae. Alivuta kiti akanieleza kwamba Toyota za zamani zina kisanduku kidogo chini ya boneti, ndani yake kuna matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Unayaunganisha kwa kipande cha waya, unafungua switi bila kuwasha injini, halafu unahesabu taa inavyokonyeza. Mbili, kituo, mbili: ishirini na mbili, sensa ya joto la maji. Nne, kituo, moja: arobaini na moja, sensa ya kwenye throto. Alikuwa akisoma misimbo kwa waya na macho wakati mimi najifunza kuandika jina langu.

“Simu yako inasoma haraka,” alisema. “Haya, tumsikilize na mgonjwa.”

Tulimsikiliza. Gari la baba mdogo, dogo la Kijapani la mwaka 2003, lilikuwa limebeba abiria na magunia kati ya mjini na Matema kwa miaka. Likisimama lilitetemeka kama mtu mwenye homa. Msimbo ulisema silinda ya tatu, na mtu mwenye haraka angeagiza koili mpya hapohapo. Fundi hakuagiza chochote. Injini ile ina koili nne, moja kwa kila silinda. Akaing'oa ya tatu akaiweka ya kwanza, ya kwanza akaipeleka ya tatu. Nikafuta msimbo, tukaendesha mpaka taa ikarudi, nikasoma tena.

Mantiki yake ni ya darasa la fizikia kabisa: badilisha kitu kimoja, acha vingine vyote, angalia nini kinahama. Kama koili ndiyo mbovu, ugonjwa utahamia naye, na simu itasema P0301. Simu ilisema P0303. Tukahamisha plagi kwa namna ileile. P0303. Tukahamisha injekta. P0303. Ugonjwa haukuwa kwenye chochote kinachong'oka. Ulikuwa ndani ya silinda yenyewe.

Fundi akatoa geji ya kupimia kompresheni. Silinda ya kwanza ilitoa 175, ya pili 180, ya nne 178. Ya tatu ilitoa 90. Akadondosha oili kidogo ndani ya silinda ile akapima tena. Ingekuwa ringi za pistoni zimechoka, oili ingeziba mwanya kwa muda na namba ingepanda. Haikupanda. “Valvu,” alisema, akafuta mikono. “Imeungua. Kichwa cha injini lazima kishuke.”

Alipotaja gharama, baba mdogo alicheka kile kicheko cha mtu ambaye hana la kujibu. Usiku huo aliamua kuliuza.

Baba mdogo ndiye aliyenilipia ada kuanzia kidato cha tatu baba alipofariki. Ndiye aliyekuja na pikipiki usiku wa mvua kunipeleka kituo cha basi nikaripoti chuo. Sijawahi kumwita kwa jina wala kumjibu nikiwa nimekaa. Alhamisi jioni alikuja, nikamwamkia, akakaa kibarazani, akaniambia kuna muuguzi kijana aliyehamishiwa kituo cha afya upande wa Tukuyu, anatafuta gari dogo la bei nafuu, atakuja Jumamosi.

“Mwanangu, ile taa,” alisema. “Izime.”

Programu ina kitufe cha kufuta. Ukikibonyeza inakuuliza kama una uhakika, ukikubali, kompyuta ya gari inasahau: misimbo inaondoka, na taa inazimika. Injini haibadiliki hata kidogo. Valvu iliyoungua inabaki imeungua.

“Itarudi, baba mdogo.”

“Baada ya muda gani?”

Swali hilo lilinikaa kifuani, kwa sababu nililijua jibu lake. Kompyuta ya gari husubiri kuona hitilafu ya namna hii katika safari mbili, kwa kawaida, kabla ya kuwasha taa. Kwenye tambarare yetu, ukiendesha polepole, gari lile lingeweza kujikaza. Lakini Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Tukuyu inapita mita 1,500. Barabara inapanda, injini inabeba uzito wake wote, silinda tatu zinafanya kazi ya nne. Taa ingewaka kwenye mlima, pengine ingekonyeza badala ya kutulia, na kukonyeza maana yake mafuta yasiyoungua yanamwagika kwenye bomba la moshi na kuuchoma mtambo wa kuusafisha. Muuguzi angekuwa peke yake, na pesa ingekuwa imeshavuka mikono.

Sikusema yote hayo. Nilimwonyesha ukurasa mwingine wa programu, orodha ya vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe likiwa njiani. Ukifuta misimbo, orodha nayo inaanza upya: “haijakamilika, haijakamilika,” mpaka gari liendeshwe vya kutosha. Mtu anayejua kuangalia ataona kwamba kumbukumbu imefutwa juzi.

“Yeye hana kifaa hicho,” alisema baba mdogo.

“Kinauzwa elfu ishirini na tano.”

Alinyamaza. Mimi pia. Kati ya ada niliyolipiwa na kitufe kile hapakuwa na hesabu niliyofundishwa chuoni.

Aliyesema ni mama, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni yetu. Ili umwelewe, lazima ujue jambo moja kuhusu Kyela. Mchele wetu unasifika nchi nzima kwa harufu yake, na sifa hiyo ina wezi. Masoko ya mijini yana magunia yenye maneno “mchele wa Kyela” ambao haujawahi kuiona Kyela, au umechanganywa, debe la kwetu kwa madebe ya kwingine. Hakuna mtu Mbugani anayelaani jambo hilo kwa sauti kubwa kuliko baba mdogo. Msibani, kilabuni, kwenye foleni ya mashine ya kukoboa, atakueleza.

“Shemeji,” mama alisema bila kuinua macho kwenye ungo, “na wewe sasa unaandika Kyela kwenye gunia?”

Baba mdogo alimtazama muda mrefu. Kisha akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaaga.

Jumamosi muuguzi alikuja na kaka yake. Baba mdogo aliwakaribisha, akawazungusha kuona bodi na matairi, halafu akaniita. “Huyu mwanangu ni msomi wa magari. Atawapimia.” Nilichomeka kifaa mbele yao. Taa ilikuwa inawaka, msimbo ulikuwepo, nikawaeleza maana yake na kile Fundi alichopima. Kaka yake akauliza gharama ya kushusha kichwa cha injini. Nikamtajia. Wakashukuru kwa heshima, wakaondoka na bodaboda waliyokuja nayo.

Gari lilichukuliwa wiki tatu baadaye na fundi mmoja wa Kasumulu aliyejua anachonunua, kwa laki nane chini ya bei ambayo baba mdogo alikuwa ameitaja. Laki nane si pesa ya kuchezea. Ilikuwa mbolea na vibarua wa msimu mzima, na msimu huo baba mdogo alilima nusu ya eneo lake. Sitaki kuandika hapa kwamba ukweli ulimlipa, kwa sababu haukumlipa. Mwezi mzima alipita nyumbani kwetu akisalimia kutokea barabarani. Siku aliyoingia tena alikuta chakula mezani, akala, akamwambia mama “ndaga”, na habari ya gari haikutajwa.

Nimefikiri sana juu ya vitufe viwili vya programu ile, cha kusoma na cha kufuta, vilivyo karibu kiasi kwamba kidole gumba kinavifikia vyote. Teknolojia haikuwaweka mbalimbali mkweli na mwongo. Tulizoea kusema kwamba mashine haidanganyi, na ni kweli kwamba misimbo ile haidanganyi. Ila inafutika. Matema, akina mama wanaonunua vyungu vya Wakisi hukigonga chungu kwa kucha kabla ya kulipa, wakisikiliza kama kina ufa. Hakuna namna ya kumfunga chungu mdomo. Gari la kisasa linaweza kufungwa mdomo na kijana yeyote mwenye simu, na kijana huyo sasa ni mimi.

Watu wamejua. Jumamosi huja na magari yao, pikipiki wanaziegesha mbali wakijua hazina tundu. Fundi hunitumia wateja wake nisome, mimi namrudishia wote, kwa kuwa kusoma si kutibu, na mara nyingi ninachokiona kwenye simu yeye amekwisha kukisikia gari likiingia getini. Bado hataki kuagiza kipuri kwa sababu simu imesema. Anahamisha kwanza kutoka silinda hadi silinda, ananiambia nisome tena.

Wengine huja na ombi moja tu, na wanalisema wakiangalia pembeni. Siwafokei. Nawaeleza bei zangu. Kusoma ni soda moja. Kufuta ni bure kabisa, ila uje na kipuri kibovu kilichotolewa, nikishike mkononi kwanza.