Nguzo Nene na Joto la Mchana

Aghalabu somo la joto katika shule zetu hukomea kwenye maneno haya: vitu hutanuka vipatapo joto. Watoto huyakariri, na mtihani huyapokea. Lakini wapi mtanuko huo huenda, na humsukuma nani? Hapo ndipo fizikia huanza, na hesabu ya uwiano hupata kazi.

Chukua daraja. Zege hutanuka kiasi cha sehemu 10 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa mita 970 hivi. Sitaha ya zege ya urefu kama huo, joto likipanda nyuzi 20, hurefuka karibu sentimita 19. Ndiyo sababu madaraja huachiwa nafasi za kutanukia.

Katika mazoezi ya kufundisha nilimsikia mtoto wa darasa la sita akisema, "Basi mafundi wazifanye nguzo nene sana, zisipinde." Mwalimu mwanafunzi akajibu, "Vyema," akaendelea. Mimi naona jibu lile lilistahili dakika ishirini nzima, kwa kuwa ni fikra ya busara nalo si sahihi.

Tuseme nguzo mbili zimeungwa kichwani kwa boriti ya mita 9. Moja ina kimo cha mita 4, ya pili mita 8, na unene ni mmoja. Ukakamavu wa nguzo hupungua kwa kipeo cha tatu cha kimo chake. Kwa hiyo ile fupi ni kakamavu mara 8 kuliko ndefu. Joto likipanda nyuzi 20, boriti hurefuka milimita 1.8. Nguzo zote mbili husukumwa kwa nguvu sawa, kila moja upande wake, na nguvu ni ukakamavu mara msogeo. Basi fupi husogea milimita 0.2, ndefu 1.6. Tukiuita ukakamavu wa ndefu 1, nguvu ni 8 × 0.2, yaani 1.6, na 1 × 1.6 ni hiyo hiyo.

Sasa tumtii yule mtoto. Tuongeze unene wa nguzo ndefu mara mbili, upande ule inaopindia. Ukakamavu hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene, nao huwa 8. Kila nguzo sasa husogea milimita 0.9, na nguvu ni 8 × 0.9, yaani 7.2. Imepanda mara nne na nusu! Nguzo iliyonenepeshwa imeikaribisha nguvu, na hata mwenzake asiyeguswa ameongezewa mzigo.

Wenzangu wengine husema haya ni ya chuo kikuu. Sikubaliani nao, ila nakiri kwamba mtoto hawezi kuuamini ubao peke yake. Ufito wa mwanzi utamsaidia, ndugu mwalimu. Ufunge imara ukingoni mwa meza, sentimita 20 zikining'inia nje. Tundika kopo nchani, tia misumari hadi ncha ishuke sentimita moja. Rudia kwa sentimita 40. Misumari itakayohitajika itapungua karibu mara nane, si kamili, kwa sababu mwanzi haulingani unene, na uzito wa kopo nao uhesabiwe. Kwa darasa la nne ufito watosha. Hesabu ya boriti iachwe mpaka wajue uwiano.