Jina Tulilolifuta



Mhariri alipotuomba tuandike kidogo juu ya maisha yetu ya masomo huku Marekani, tulidhani tungeandika juu ya baridi, au chakula, au mitihani ya falsafa. Lakini tulipokaa watatu kupanga la kuandika, kila mmoja wetu alirudi kwenye jambo lile lile: kisahani cha Mzee. Basi tunaandika juu ya hicho. Ni habari ya mchezo na ya rangi, na pia ni habari ya kosa letu.

Sisi ni mafrateri watatu, wawili kutoka Tanzania na mmoja kutoka Kenya, na tunasoma falsafa katika jimbo la Iowa. Mwisho wa juma tunafanya utume katika parokia moja ya mji mdogo, na huko ndiko tulikojifunza gofu ya visahani. Mchezo huu unafanana na gofu ya kawaida, ila badala ya rungu na mpira, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki kutoka mahali pa kuanzia mpaka kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Anayefika kwa mirusho michache ndiye mshindi. Viwanja vingi viko kwenye bustani za umma na havina kiingilio, kwa hiyo mchezo unalingana na mifuko ya mafrateri.

Aliyetufundisha ni mwamini mmoja mstaafu, ambaye sisi kwa desturi ya nyumbani tulimwita Mzee, naye akalipenda jina hilo. Alitukuta tumesimama nje ya kanisa baada ya Misa, hatujui pa kwenda, akatuuliza kama tunajua kurusha. Hatukujua. Jumamosi iliyofuata alitupa kila mmoja kisahani chake. Alitusimulia pia habari za Ed Headrick, Mmarekani aliyebuni kikapu cha minyororo, ambaye uwanja wake wa kwanza ulianza mwaka 1975 huko California, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji. Headrick alipofariki mwaka 2002, majivu ya mwili wake yalichanganywa na plastiki, vikatengenezwa visahani. Mzee alisimulia hayo huku akicheka na kutuangalia usoni, aone mafrateri watasema nini.

Jambo moja alilisisitiza kuliko namna ya kushika au kurusha. Kila kisahani chake alikiandika kwa ndani, kwa maka peni nyeusi, jina lake na namba ya simu ya nyumbani, ili atakayekiokota porini ampigie. "Kisahani kisicho na jina," alituambia, "kimeshapotea kabla hujakirusha."

Mzee alifariki mwezi wa Agosti. Tulitumikia Misa ya mazishi yake.

Kuhusu rangi, tulianza kwa ajili ya mnada wa vijana wa parokia. Visahani vyeupe vya plastiki ngumu hupokea rangi vizuri, na wachezaji wengi huvipamba wenyewe nyumbani. Njia tuliyoipenda ni ile ya tandiko la gundi. Kwa kuwa wengine wenu mtataka kujua, tunaieleza.

Unahitaji gundi nyeupe ya kawaida, ile ya watoto wa shule, na rangi ya unga inayotumika kutia rangi vitambaa vya poliesta. Rangi ya pamba haifai, maana haishiki kwenye plastiki. Unamimina gundi kwenye sahani pana kuliko kisahani chako, ambacho kina upana wa sentimita 21 hivi, mpaka itande sawasawa. Pembeni unakoroga rangi zako, kila moja na gundi iliyozimuliwa kwa maji, kisha unazidondosha juu ya lile tandiko, tone moja moja. Unachukua kijiti cha meno na kuvuta mistari: ukivuta kutoka katikati kwenda nje unapata kama ua, ukizungusha unapata kama mawimbi. Halafu unakilaza kisahani kifudifudi, upande mmoja kwanza, ukikishusha taratibu ili hewa itoke. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki chini, mahali pake patabaki peupe. Baada ya hapo unaacha. Saa 24 zinatosha kwa rangi hafifu, na saa 48 kwa rangi iliyokolea. Huruhusiwi kuchungulia, maana ukikiinua umeharibu. Mwisho unakiosha kwa maji na sabuni ya vyombo, gundi yote inaondoka, na rangi inabaki.

Siri yake ni kwamba rangi za aina hii haziyapendi maji. Zikiwa ndani ya gundi zinatafuta pa kwenda, na plastiki iliyo juu yake inazipokea. Polepole zinahama, zinazama ndani ya plastiki yenyewe. Ndiyo maana sheria za mchezo zinaikubali rangi ya namna hii, lakini zinakataa kitu chochote kilichopakwa juu kikaongeza unene unaoweza kuhisika. Mama zetu wanaochemsha ukindu wa mikeka wanalijua hilo bila kusoma kokote: rangi iliyoingia haibanduki. Kwa usalama, vaeni glavu, fungueni madirisha, na sahani iliyotumika isirudi jikoni kamwe.

Mwanzoni mwa Oktoba, mjane wa Mzee alitusubiri baada ya Misa. Alikuwa amebeba kisahani cheupe, kile ambacho Mzee alikirusha kuliko vyote, akatuomba tukitie rangi kwa ajili ya mjukuu wao anayetimiza miaka kumi. Angependa kumpa mwezi wa Novemba, baada ya Misa ya kuwaombea marehemu wa parokia. Tulikubali kwa furaha. Tunakumbuka sasa kwamba alikishika muda mrefu kabla ya kutupa, akiwa amekigeuza, upande wa ndani ukimtazama yeye.

Kabla ya kutia rangi, kisahani lazima kifutwe kwa asetoni, ile dawa inayofuta rangi ya kucha. Asetoni huondoa mafuta ya mikono na ule muhuri wa kiwandani unaong'aa juu. Basi tulikifuta katika chumba cha kufulia cha seminari, Ijumaa usiku, tukizungumza na kucheka. Kitambaa kilipita juu, kikapita ukingoni, kikapita ndani. Ilikuwa kazi ya sekunde chache. Tulipokitazama kitambaa, kilikuwa cheusi.

Tulinyamaza wote watatu. Ndani ya kisahani palikuwa na wingu la kijivu, na katikati ya wingu hilo labda herufi moja, labda mbili. Tulijaribu kusoma. Hapakuwa na kitu cha kusoma.

Tunasema "tulikifuta", na ni kweli, maana tulikuwa wote pale na hakuna aliyesema simama. Lakini kitambaa kilikuwa mkononi mwa mmoja tu, na anayeandika makala haya anajua ni nani.

Tungeweza kuacha pale na kwenda kumwambia asubuhi. Hatukufanya hivyo. Tulimalizia kulifuta lile wingu ili pasionekane pachafu, tukamimina gundi, tukachagua rangi nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo, bluu na kijani na tone moja la njano, tukakilaza kisahani. Hatukuambiana kwa nini tunaendelea, lakini kila mmoja alijua. Tulitumaini kwamba kikitoka kizuri sana, mama yule hatakigeuza.

Zile saa 48 zilikuwa ndefu. Jumamosi tulikwenda katekesi, Jumapili tulimwona kanisani, akatupungia mkono kutoka benchi lake. Tulipunga pia. Jioni ile, mezani, mmoja wetu alileta hoja. Tulikuwa darasani na Aristotle wakati huo, tukijifunza tofauti ya kiini cha kitu na sifa zake. Weupe, alisema, ni sifa. Maandishi nayo ni sifa. Sifa zikiondoka, kiini kinabaki. Kisahani ni kile kile alichokirusha Mzee, kwa hiyo hatukumpotezea mama chochote cha msingi. Hoja ilikuwa safi kabisa, na kwa dakika chache ilitupumzisha. Kisha mwenzetu mwingine aliuliza: "Ungemwambia hivyo mama yako?" Tukaendelea kula bila kuongea.

Tangu siku ile tumelifikiria sana swali hilo. Falsafa haikukosea, sisi tuliitumia vibaya, tukaifanya shuka la kufunikia. Ni kweli kwamba mwandiko si Mzee. Lakini binadamu hampendi mwenzake kwa kiini kitupu. Tunampenda kwa sauti yake, kwa mwendo wake, kwa jinsi anavyoandika herufi zake zikilalia upande mmoja. Tulikumbuka pia ile habari ya majivu ya Headrick. Mwaka 2016 ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa waraka juu ya mazishi na majivu, ukieleza kwamba majivu ya marehemu yasihifadhiwe ndani ya vitu vya ukumbusho, maana mwili wa mwamini unangoja ufufuko na unastahili mahali patakatifu. Tulikuwa tayari kumjibu Mzee hivyo. Lakini Kanisa hilo hilo linatunza kwa heshima nguo walizovaa watakatifu na vitu walivyotumia. Kanisa linajua kwamba mkono wa mtu huacha kitu mahali ulipopita. Mama yule hakuwa na majivu kwenye kisahani. Alikuwa na jina, limeandikwa na mkono aliouzoea, nasi tulilifuta kama uchafu.

Jumapili usiku tulikitoa. Hatujawahi kupata kingine kizuri kama kile. Bluu ilikuwa imeingia ndani kabisa, na njano ilikaa katikati kama jua linalochomoza ziwani. Hapakuwa na kiputo hata kimoja. Tulipokigeuza, ndani palikuwa peupe.

Kuna jambo katika liturujia tulilokuwa hatujalitilia maanani. Katika Misa karibu kila sala tunasema kwa wingi: tunaomba, tunakushukuru, utuhurumie. Lakini mwanzoni, tunapokiri dhambi zetu, kanisa zima linasema kwa pamoja, na kila mmoja anasema kwa nafsi yake peke yake. Hakuna "tumekosa" pale. Mwenye kitambaa alielewa. Tuliomba ruhusa, tukaenda nyumbani kwa mama Jumatatu alasiri, wote watatu, lakini mmoja ndiye aliyeongea.

Mama alikipokea kisahani, akasema ni kizuri. Kisha akakigeuza. Mwenzetu akamwambia yote, hata zile siku tulizonyamaza, hata kupungiana mikono kanisani. Hakujitetea. Mama alikaa kimya kwa muda, akipitisha kidole gumba ndani ya kisahani, pale pale palipokuwa na jina. Hakulia, wala hakutuambia kwamba si kitu. Alisema, "Laiti mngeniuliza."

Tulisema ndiyo, tungekuuliza.

Halafu akatuambia kwamba Mzee angekasirika kwa muda wa vikapu viwili, na kufikia cha tatu angekuwa ameanza kutusahihisha namna ya kushika. Akatutengenezea chai. Tulikunywa, tukaosha vikombe, tukaondoka. Msamaha wake haukuurudisha mwandiko, na hakujifanya kwamba umerudi. Tumesikia mahubiri mengi juu ya msamaha, lakini hatukuwahi kuuona ukitolewa na mtu ambaye bado anaumia.

Theluji ilipokwisha, tulirudi uwanjani. Jumamosi moja ya Aprili kisahani cha bluu kilipita juu ya vichwa vyetu, kikaanguka kwenye nyasi mbele yetu. Tulikitambua kabla hakijatulia. Tulipokiokota tukakigeuza, na ndani kulikuwa na maandishi mapya ya maka peni, herufi kubwa za mtoto zinazopanda na kushuka: jina la mjukuu, na chini yake namba ya simu. Namba ile tuliijua. Ilikuwa ya nyumba ya Mzee, ile tuliyokuwa tukiipiga kila Ijumaa kuuliza kesho tunacheza saa ngapi.

Kijana alikuja mbio kutoka mitini. Tukampa.

Kwa watakaojaribu tandiko la gundi, shauri letu la mwisho si la rangi. Kabla ya kufungua chupa ya asetoni, kigeuzeni kisahani, msome kilichoandikwa ndani, kisha mwulizeni mwenye nacho. Nasi tunaomba mumkumbuke Mzee katika Misa zenu, na mtuombee sisi tunaoendelea na malezi.