Droo ya Chini ya Oveni Si Stoo

Wadau, leo tuweke siasa kando, tuingie jikoni.

Nenda nyumba yenye jiko kubwa la oveni, vuta ile droo ya chini. Utakuta nini? Vikaango, mifuniko isiyo na sufuria zake, magazeti ya zamani (pengine na stori zangu humo!), na mifuko ya rambo iliyofichwa tangu ilipopigwa marufuku Tanzania Juni 2019. Jamani!

Tuelewane. Droo hizi ziko za namna tatu. Ya kwanza ni ya kuwekea vyombo tu. Ya pili ina swichi yake, kazi yake kutunza joto la chakula kilichokwisha kuiva. Ya tatu, kwenye baadhi ya majiko ya gesi, iko chini ya moto wenyewe, ni ya kuchomea nyama. Kitabu cha maelezo kinasema yako ni ipi, ila nani hukisoma?

Hata ile ya vyombo hupata joto oveni ikiwaka. Plastiki itayeyuka, karatasi inaweza kushika moto. Weka vyombo vya chuma tu.

Na sisi tunaorudi usiku gazeti likishakwenda mtamboni: droo ya joto ni mkombozi, mradi chakula kiingie cha moto na kisishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi. Kikipoa, bakteria wanazaliana. Droo ya vyombo haiwezi kazi hiyo, hata dada akufunikie wali kwa upendo namna gani.

Haya, kavute yako leo, kabla mama hajawasha oveni ya keki ya Jumapili.