Nilivyoanza Kuuliza Njia Imezaliwa Wapi

Kwa miaka mingi nilipoulizwa kama mtandao uko sawa, nilituma pakiti za majaribio. Zikijibiwa, nikasema uko sawa. Wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa kazi hii. Leo jibu hilo halinitoshi, na kilichonibadilisha ni njia moja iliyoendelea kuishi baada ya mtandao wake kuzima.

Kampuni mbili zilikuwa zimeungana. Matawi ya upande mmoja yalitumia RIP toleo la 2, makao makuu ya upande wa pili yalitumia OSPF, na mpakani tulikuta ruta mbili zikihamisha njia kutoka itifaki moja kwenda nyingine, kwenda na kurudi. Ziliwekwa mbili kwa nia njema: moja ikianguka, nyingine ishike kazi. Asubuhi moja tawi la Tanga likapotea. Nikampigia fundi wa huko. "Dada, huku hamna umeme tangu alfajiri," akaniambia, "hata ruta yetu imezima." Nikafungua jedwali la njia mpakani: mtandao wa Tanga umo, na umetangazwa sekunde chache tu zilizopita. RIP hutangaza njia zake kila sekunde 30. Nikakaa nikitazama, na kila tangazo lilipopita, njia ya tawi lisilo na umeme ilihuishwa tena.

Ruta ya kwanza ilikuwa imeitoa njia hiyo kwenye RIP na kuitangaza ndani ya OSPF. Ya pili ikaisikia mara mbili: kwa RIP, ambayo kwenye ruta zetu ina namba ya kuaminika 120, na kwa OSPF, yenye 110. Namba ndogo hushinda. Basi ikaacha habari ya moja kwa moja, ikashika ile ya kuzunguka, kisha ikairudisha ndani ya RIP kana kwamba ni mpya. Ni sawa na kutoa habari asubuhi, ikakurudia jioni kwa mdomo wa jirani, nawe ukaiamini kwa kuwa safari hii ameisema mwingine.

Tanga ilipokuwa hai, pakiti zilifika, na majaribio yangu yalijibiwa. Ilipozima, habari ile ya kuzunguka, kama mwangwi, ikabaki peke yake. RIP ina kinga yake: huhesabu hatua, na zikifika 16 njia huhesabiwa imekufa. Lakini njia ikipitia OSPF na kurudi, hesabu huanza upya, hivyo 16 haifikiwi kamwe. Jambo hili lilinishtua kuliko yote, maana kinga tunayoitegemea inavunjwa na kazi tunayoifanya wenyewe pale mpakani.

Kupotea kwa asili ya njia kumewahi kuuyumbisha ulimwengu. Tarehe 25 Aprili 1997, mtandao wenye namba 7007 nchini Marekani ulitangaza sehemu kubwa ya njia za intaneti zikiwa zimekatwakatwa vipande vidogo, na kumbukumbu ya zilikopitia imefutwa, zikaonekana zimeanzia hapo. Data za watu wengi zikaelekea huko na kupotelea huko.

Tiba tuliyoweka ni lebo. Njia inayotoka RIP kuingia OSPF inapewa lebo 120. Inayotoka OSPF kuingia RIP inapewa 110. Ruta zote mbili zinakataa kurudisha njia yenye lebo ya nyumbani kwake. RIP toleo la 2 na OSPF zote hubeba lebo hiyo. Toleo la 1 la RIP halina nafasi yake. Hata hivyo lebo peke yake haikutosha, kwa sababu ruta ya pili ingeendelea kuipenda OSPF na kuzungusha pakiti bure. Tukapandisha namba ya kuaminika ya njia za nje za OSPF, yaani zilizoingizwa kutoka itifaki nyingine, hadi 130, za ndani tukaziacha kwenye 110.

Kisha tukaizima ruta ya tawi kwa makusudi, usiku. Sekunde 180 zilipopita bila tangazo, njia ikafa pande zote.

Orodha za anwani, ambazo wengi huzipendelea, zinaweza kuzuia mwangwi huo pia, ila lazima mtu azirekebishe kila tawi linapoongezwa. Tulipofungua tawi jipya Korogwe, hakuna aliyegusa ruta za mpakani. Njia zake zilipata lebo zilipovuka, na hazikurudi.