Taya la Mtoto na Maji ya Bamvua

Mwanangu, ninyi mnaopanda basi Kibiti asubuhi na adhuhuri mkawa Dar es Salaam, hamjui tulivyokuwa tukiyangoja maji. Mwaka 1974 tulikuwa Mbwera, ndani ya delta ya Rufiji, mtoto wa dada yangu alipoanza kulalamikia jino. Lililegea, likang'oka lenyewe, kisha taya la kushoto likavimba hata ngozi ya shavu ikang'aa. Wazee wakasema jino limeoza. Akachanjwa, akapakwa majani yaliyopondwa. Siku hizo maji yalikuwa mafu, mashua zimekaa topeni, ikabidi tungoje bamvua. Uvimbe ule huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili tu, nasi tulikaa wiki nzima tukinusa tope la mikoko na kamba walioanikwa juani, na kila asubuhi dada akilipima shavu la mwanawe kwa kiganja.

Maji yalipojaa tulikwenda kwa mashua hadi Nyamisati, tukadandia lori la nazi hadi Kibiti, kisha basi, shilingi kumi kwa mtu, mtoto akapakatwa bure. Katika hospitali ya Muhimbili, wodi ilinukia spiriti na uji. Daktari, kijana mwembamba mwenye macho mekundu kwa kukesha, alilipapasa taya taratibu, akauliza tumetoka wapi. Aliposikia Rufiji, akatikisa kichwa kama aliyelitarajia jibu hilo. Sababu niliijua baadaye. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Uganda, aliuandika ugonjwa huu, saratani ya watoto inayovimbisha taya, mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakazunguka kwa gari kutoka hospitali hadi hospitali, wakauliza wapi unaonekana. Wakakuta unafuata nchi za joto na mvua, kulekule kwenye malaria.

Sindano zilifanya kazi upesi mno. Siku ya tano taya lilikuwa limenywea, mtoto anadai wali. Dawa mojawapo ya ugonjwa huu, vinkristini, hutoka katika lile ua la Bukini ambalo dada alilipanda kando ya mlango wake, na hakuna aliyelifikiria ila kwa uzuri wake. Lakini baada ya wiki kadhaa jicho moja likaanza kwenda pembeni, mdomo ukapinda. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye majimaji ya ubongo, ambako dawa ya mshipani haifiki sawasawa. Mulago, katika kituo kilichofunguliwa mwaka 1967, John Ziegler na wenzake walikuwa wameshawatibu watoto wa namna hiyo kwa kuipitisha dawa kwenye uti wa mgongo. Wetu naye alidungwa hivyo. Muuguzi alimkunja magoti yakagusa kidevu, nami nikamshika mabega. Hakulia, alinikodolea macho tu.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Nimesikia watu wakisema watoto wetu walifanywa vitu vya kujaribia, na siwalaumu kwa kuuliza. Lakini nilikaa kando ya kitanda kile, na ninachokijua ni kwamba bila wale walioandika kila sindano na kila siku ya mgonjwa, daktari asingekuwa na la kutufanyia. Kilichotushinda ni ile wiki ya maji mafu.

Miaka michache baadaye jirani aliona jino la binti yake limelegea. Hakungoja, wanaume wanne waliiburuta mashua juu ya tope usiku uleule. Binti alipona, akaolewa Salale, na wajukuu zake ndio hao mnaosoma nao.